Mtaa Mtupu Pichani, Je, Ulikuwa Mtupu Kweli?

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, iko picha moja ambayo niliambiwa maana yake kabla sijajua kuitazama. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, kubwa kadiri ya daftari la shule, iliyopigwa usiku wa Ramadhani ya mwaka 1968. Mtaa wetu umelowa mvua za vuli. Taa moja ya stima inawaka ukutani. Juu ya mapaa mwezi umepanda. Na upande wa kushoto, barazani, ameketi babu yangu peke yake, mikono magotini. Hapana mtu mwengine. Kutoka mwanzo wa mtaa hadi pale unapokata kona, huoni hata paka.

Maana niliyoambiwa ni kwamba mwaka huo babu alikuwa na kesi ya kiwanja na mzee wa nyumba ya pili, na mtaa mzima ukamwachilia babu mkono. Shangazi yangu huitoa picha hiyo kama mtu anayetoa hati mbele ya kadhi. "Tazama, mwanangu," husema, "Ramadhani hii, watu wametoka taraweh, na hapana hata mmoja wa kumpitia babu yako." Kwa ajili ya kesi ile, na kwa ushahidi wa picha hii, nyumba mbili zinazotazamana zimekaa miaka na miaka bila ya kualikana arusi.

Nami niliamini. Nani angebishana na picha? Mpaka nilipoanza kuzitazama picha za watu wengine waliouzoea usiku, wa miji ya mbali, ndipo nilipoanza kuwa na shaka kama kweli sisi twajua kuisoma ya kwetu.

Aliyenifungua macho kwanza ni Brassaï. Hilo si jina la kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1899 akaitwa Gyula Halász, katika mji wa Brassó, ambao siku hizo ulikuwa wa Hungary na leo uko Romania, waitwa Brașov. Akajipa jina la mji wake, kama vile kwetu mtu anavyojulikana kwa nisba ya alikotoka akaitwa Hadhrami au Shirazi. Aliingia Paris mwaka 1924, akitafuta riziki kwa kuandikia magazeti, na tabia yake ilikuwa kutembea usiku kucha, arejee kulala wakati wengine wakiamka. Alichokiona usiku hakikuandikika, akachukua kamera. Matunda yake ni kitabu kiitwacho Paris de nuit, maana yake Paris ya usiku, kilichotoka majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933, chenye picha zaidi ya 60 na utangulizi wa mwandishi Paul Morand. Kurasa zake zimejazwa picha hadi ukingoni bila ya pambizo nyeupe, na weusi wake ni mzito kama masizi ya chungu. Ukikifungua ni kama umefungua dirisha la usiku.

Sasa tazama jinsi alivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye siri. Kamera yake ilikuwa Voigtländer ya Kijerumani, yenye kutumia mabamba ya kioo, naye aliisimamisha juu ya miguu mitatu. Giza halina nuru ya kutosha kupigwa picha kwa kufumba na kufumbua. Lazima lenzi iachwe wazi kwa muda mrefu, nuru iingie tone kwa tone kama maji yanavyojaza mtungi kwa mfereji mbovu. Brassaï aliupima muda huo kwa sigara. Mahali penye nuru kiasi, alivuta Gauloise moja, na ikiisha hufunga lenzi. Mahali penye giza zaidi alivuta Boyard, sigara nene ya kuchelewa kwisha. (Ingekuwa Ramadhani mchana asingepiga hata moja, lakini bahati nzuri kazi yake ilikuwa ya baada ya futari.)

Hebu fikiri maana ya jambo hili. Mtu akipita mbele ya lenzi wakati sigara inawaka, hakai mahali pamoja muda wa kutosha nuru yake iingie kwenye bamba. Akitembea kwa haraka hufutika kabisa. Akisita kidogo hubakia kama pumzi juu ya kioo. Aliyesimama au kuketi bila ya kutikisika ndiye peke yake anayeandikwa. Hivyo basi picha ya usiku si picha ya wote waliokuwapo. Ni picha ya waliotulia.

Na jambo hili ni la tangu kamera kuzaliwa. Mfaransa Daguerre alipiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, mchana kweupe. Vifaa vya siku hizo vilikuwa vizito wa kuona hata mchana ulitaka dakika kadhaa. Ile ilikuwa barabara yenye magari ya farasi na watu wa kila namna, lakini pichani ni tupu kama jangwa. Amebaki mtu mmoja tu, pembeni chini, na mwengine aliyeinama mbele yake. Amebaki kwa sababu alikuwa ameweka mguu wake apigwe viatu rangi. Wengine wote walipita zao, na picha haikuwajua.

Nilipofika hapo nilikumbuka baraza yetu.

Lakini nisiende mbio. Picha ya usiku yataka kusomwa kwanza kwa nuru yake: inatoka wapi? Hili si elimu ya Wazungu peke yao. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Misri yapata 1040, alilifanyia jaribio katika Kitab al-Manazir. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu lenye kuingia chumba cha giza, akaona kila taa inaweka doa lake la nuru ukutani kule ndani, nuru moja isichanganyike na nyengine. Ukiifunika taa moja, doa lake peke yake hutoweka na mengine hubakia. Ndiyo kazi ya kamera hiyo, miaka mia nane na kitu kabla ya Daguerre. Na msomaji wa picha anafaidika nayo hivi: kila kivuli kina taa yake. Ukiona pichani mtu mwenye vivuli viwili, jua pana taa mbili, hata kama moja iko nyuma ya mpiga picha wala huioni. Kwa kufuata vivuli unaweza kuhesabu taa za mtaa ambao hujapata kuukanyaga.

Brassaï hakupenda taa ionekane uchi. Taa ikitazamana na lenzi kwa muda mrefu hutanuka ikawa donge jeupe lenye utando kama jicho lenye mtoto, likaharibu kila kilicho karibu yake. Alichofanya ni kuificha nyuma ya mti au nguzo, ili uione nuru bila ya kuiona taa. Alipenda pia mvua na ukungu. Mawe ya barabara yakilowa hurudisha nuru chini, na mtaa uliokuwa shimo la giza unapata sakafu. Moja ya picha zake mashuhuri ni ya mawe matupu ya barabara, yamelowa, yamepangika kama magamba ya samaki. Hapana mtu, hapana nyumba, lakini wajua ni usiku, wajua mvua imenyesha, na wajua iko taa mahali fulani mbele yako.

Iko nyengine ya mwaka 1932 ambayo mimi naiona bora kuliko zote. Ni sanamu ya Jemadari Ney katika ukungu. Ney alikuwa jemadari wa Napoleon, akapigwa risasi kwa hukumu ya uhaini mwezi wa Desemba 1815. Mwaka 1853 wakamjengea sanamu karibu na pale pale walipomuulia, ameinua upanga anawahimiza askari. Brassaï amempiga akiwa kivuli kitupu, cheusi, hana uso wala vifungo vya koti. Na nyuma yake ndani ya ukungu yanawaka maandishi ya taa: HOTEL. Basi! Jemadari anawaita askari waliokufa zamani, na anayemjibu ni mwenye nyumba ya wageni anayetafuta wapangaji. Mchana ungepita hapo usione lolote la kuchekesha wala la kuhuzunisha. Usiku umeondoa kila kitu ukaacha viwili tu vitazamane.

Kutoka hapo nimejifunza kwamba usiku katika picha ni mtu wa kuchagua. Mchana huonyesha yote sawasawa, la maana na lisilo na maana. Usiku hufuta, na mpiga picha hodari ni yule anayejua usiku utafuta nini.

Chukua ile ya mtu anayezima taa ya gesi katika Rue Émile Richard. Siku hizo baadhi ya mitaa ya Paris bado iliwashwa kwa gesi, na walikuwako watu wenye kazi ya kupita na mti mrefu kuwasha magharibi na kuzima alfajiri. Asiyejua ataona picha ya kazi tu. Lakini mtaa ule unapasua katikati ya makaburi ya Montparnasse. Kulia makaburi, kushoto makaburi, hapana mwenye kukaa hapo. Taa ile ikizimwa hapana dirisha litakaloona tofauti. Brassaï mwenyewe alipofariki mwaka 1984 alizikwa katika makaburi hayo hayo.

Hata hivyo weusi wa picha nao una uongo wake. Kule New York alikuwako mtu aliyejulikana kwa jina la Weegee, jina lake hasa Arthur Fellig, aliyekuwa akiwahi mauaji na mioto ya usiku kwa kusikiliza redio ya polisi ndani ya gari lake. Kitabu chake Naked City kilitoka mwaka 1945. Huyu hakungoja nuru. Alikwenda nayo, balbu ya kumulika ya mara moja. Nuru ya namna hiyo hufika karibu tu. Aliye mbali mara mbili hupata robo ya nuru, aliye mbali mara tatu hupata sehemu moja ya tisa. Kwa hivyo walio mbele huonekana weupe kama waliopakwa unga, na nyuma yao huwa weusi mtupu. Ukisema, "Lo, mtaa gani huu wenye giza!", utakuwa umemsingizia mtaa. Huenda ulikuwa na taa kila hatua kumi. Giza lile ni la kamera.

Na uko uongo wa makusudi. Bill Brandt, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1904 akahamia Uingereza, alitoa kitabu A Night in London mwaka 1938 akifuata nyayo za Brassaï. Baadhi ya picha zake za usiku zilipigwa mchana, akazitia giza katika chumba cha kusafishia, na baadhi ya wapita njia wake ni jamaa zake aliowaweka wasimame pale. Brassaï naye hakutakasika. Marafiki zake walimfanyia kazi ya kusimama kama wahuni wa kona. Mimi siwalaumu sana. Kwa muda wa sigara nzima, mhuni wa kweli asingesimama tuli. Lakini yapasa tujue, maana yako mengi tunayoyahukumu kwa picha. Na ajabu ni kwamba huyo huyo Brandt, vita vilipoanza mwaka 1939 na London ikaamriwa kuzima taa zote, alitoka akapiga mitaa kwa nuru ya mwezi peke yake, na hizo hazikuhitaji kughushiwa.

Kuna suala jengine ambalo msomaji wa kwetu atakuwa ameshaliuliza moyoni. Je, hii kazi ya kuvizia watu usiku yafaa? Katika jambo la picha yenyewe wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, hoja yake ikiwa kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali amekizuia kivuli alichokiumba Mungu. Wengine hawakukubali, na mimi si mtu wa kuingia kati ya masheikh. Ninachosema ni kwamba hoja ya kivuli kilichozuiwa huipata picha ya usiku zaidi kuliko nyengine yoyote, kwani mara nyingi kivuli ndicho kitu pekee kilichomo.

Lakini sitara ni jambo jengine. Brassaï aliingia pia mahali pa fedheha, na picha hizo hakuzitoa zote wakati ule. Nyingi zilikaa mpaka mwaka 1976 zilipotoka katika kitabu kuhusu Paris ya siri ya miaka ya 1930. Miaka arubaini si midogo, lakini je, aliyepigwa akiwa kijana si huenda alikuwa bibi ya mtu mwaka huo wa 1976? Katika hilo nampa haki kwa mawe yake na ukungu wake, na simpi kwa yale. Usiku Mungu ameufanya vazi.

Basi nikarudi kwenye picha yetu. Niliishusha ukutani, nikaifuta vumbi, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia.

Kwanza mwezi. Siku zote nilidhani umeharibika katika kusafishwa, kwa kuwa si duara. Umerefuka kwenda juu, kimo chake ni mara mbili ya upana wake. Kumbe mwezi hutembea mbinguni kiasi cha upana wake mwenyewe kwa kila dakika mbili hivi, na huku kwetu karibu na ikweta hupanda karibu wima. Kwa hivyo lenzi ilikuwa wazi dakika mbili! Katika dakika mbili, usiku wa Ramadhani, watu wangapi hupita mtaa wa Mji wa Kale wakitoka msikitini? Wanaweza kupita thelathini, na hapana hata mmoja atakayebakia.

Pili, babu mwenyewe. Mikono yake ni wazi, mpaka mikunjo ya kanzu waiona. Miguu ni wazi, viatu ni wazi. Uso ndio haupo. Umekuwa ukungu, kama mtu aliyekuwa akigeuka kulia na kushoto. Aliyekaa peke yake katika mtaa mtupu, akigeukia nini?

Tatu, ule mkwaruzo. Ni msitari mweupe unaokata mtaa kwa usawa wa goti, na kwetu yasemwa kwamba ulifanywa na mtoto kwa msumari. Nikaielekeza picha kwenye nuru ya dirisha, nikapitisha kidole. Karatasi ni laini, haina mkwaruzo. Msitari umo ndani ya picha. Na si wa kunyoka. Unapanda na kushuka kidogo kidogo, kama kitu kinachobebwa mkononi na mtu anayetembea. Mbele ya baraza ya babu umenenepa ukafanya donge, kisha ukaendelea hadi kwenye kona.

Nilimwendea shangazi jioni baada ya magharibi. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu naye, nikamweleza yote: sigara ya Mfaransa, mtu wa viatu, mwezi na dakika mbili. Alinisikiliza akikata maandazi. Mwisho akasema:

"Haya. Walipita. Na aliyekaa naye yuko wapi?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo. "Aliyekaa angeonekana, shangazi."

"Basi hawakukaa."

"Hawakukaa. Kwa dakika mbili hizo."

Akatikisa kichwa kama aliyeshinda kesi. Ndipo nilipompa kioo nikamwonyesha ule msitari, jinsi unavyopanda na kushuka, na lile donge mbele ya baraza. Nikamwambia hiyo ni taa ya mtu. Alikuja nayo mkononi, akasimama hapo kidogo, akenda zake. Huenda ni tochi, huenda ni kandili. Ni nani, picha haisemi, na alisimama kutoa salamu au kutoa maneno mengine, hilo nalo halisemi.

Shangazi akaukaribia mwezi, akarudi kwenye uso wa babu, kisha akakaa juu ya lile donge muda mrefu. Akaweka kioo chini.

"Mtaa ule ulikuwa na stima tangu mimi mdogo," akasema. "Hapana aliyetoka na kandili. Ila yule mzee wa nyumba ya pili. Alikuwa haoni usiku, miskini. Hatoki mlangoni bila ya kandili yake."

Nikangoja aongeze, hakuongeza. Maandazi yakaanza kuungua, akanyanyuka kuyageuza. Nilipoaga akaniambia niitundike picha pale pale ilipokuwa, ila niisogeze shubiri moja kushoto, kwani jua la mchana linaifikia na linaifubaza.